Vitambulisho vya Geti Namba Mbili

Justus Mbaluka,
Nyapara wa Vibarua, Geti Namba Mbili,
Thika.
19 Machi 1996

Kwa Bwana Karani wa Baraza,

KUH: PESA ZA BURE MNAZOTAKA KUWAPA WATU WA KIANDUTU

Nakusalimu kwa heshima, Bwana Karani, nikitumaini wewe na watu wa ofisi yako mko salama. Mimi si mtu wa barua. Mara ya mwisho niliandika nikiomba kazi, na nikaipata, kwa hivyo najua barua ina nguvu.

Nimesoma tangazo mlilobandika mlangoni mwa jumba la mikutano. Linasema Baraza linapendekeza kufanya majaribio ya mwaka mmoja: kila mtu mzima wa mtaa wa Kiandutu apewe shilingi mia tano kila mwezi, awe na kazi au hana, bila kuulizwa atazifanyia nini. Nililisoma mara tatu nikitafuta masharti. Sharti ni moja tu, kwamba mtu aje na kitambulisho chake aandikishwe. Hapo ndipo jasho liliponitoka.

Naomba nieleze madhara kwa nambari, ili kamati yenu isichanganyikiwe.

1. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi watu kama mia mbili husimama mbele ya geti langu. Kiwanda kinahitaji sitini, na mimi ndiye huwachagua. Wao huinua vitambulisho juu, nami napita nikichukua hiki na kuacha kile. Nikichukua chako, una kibarua cha kusomba marobota ya pamba. Vya wale wenye nguvu sivirudishi jioni. Navihifadhi kwenye mkebe wangu wa biskuti hadi mwisho wa mwezi, wasije wakapotelea viwanda vingine. Ni mpango mzuri na hauna kelele. Sasa, mtu mwenye mia tano ataamka akiwa amekula, na mtu aliyekula huuliza maswali. Atauliza kibarua ni shilingi ngapi kabla hajaingia! Mambo hayo hatujayaona hapa.

2. Heshima itakwisha. Mimi huamkiwa kwa mikono miwili na watu walionizidi umri. Mama Mwanarusi, anayeuza uji pale getini, ana mabinti wawili kwenye foleni yangu, na hajanitoza kikombe hata kimoja tangu 1989. Naomba ieleweke kwamba sijawahi kumwomba mtu kitu. Lakini mtu akikuletea kuku, na kuku mwenyewe keshafungwa miguu, utamrudishaje? Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Mkigawa hizo pesa, kuku huyo ataliwa na watoto wa mwenyewe, na mimi nitaheshimiwa kwa lipi?

3. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tangu tangazo litoke, watu wanakuja kudai vitambulisho vyao. Alhamisi peke yake walikuja arobaini na mmoja. Wa kwanza alikuwa Naliaka, mama kutoka pande za Bungoma, mfanyakazi ambaye kwa miaka sita hajakosa siku, ukiondoa zile nne alizojifungua. Alisimama mbele yangu akasema, namnukuu: "Mzee, nipatie kipande yangu. Na kesho sitakuja, mtoto ako na homa."

Bwana Karani, hakuniomba. Alinijulisha. Mtoto huyo ameugua mara nyingi sana, na kila mara mama yake alikuja kazini bila tatizo lolote. Mwaka juzi alilazwa wiki nzima na mama hakukosa hata robota moja. Sasa homa kidogo tu na mtu anabaki nyumbani kumshika mtoto mkono! Na pesa zenyewe hazijatoka. Ikiwa karatasi iliyobandikwa kwa gundi imefanya hivi, noti zikifika itakuwaje? Nilimpa kitambulisho chake. Sijui kwa nini nilimpa.

4. Mtawafundisha watu uvivu. Najua wapo wachochezi watakaosema kwamba madiwani nao hulipwa marupurupu kwa kukaa kwenye vikao. Nimewajibu tayari. Kukaa ni kazi, hasa kwa mtu mwenye mwili mkubwa.

5. Ugonjwa huu utaambukiza. Shemeji yangu ana vyumba kumi na viwili vya kupangisha kule Kiuu, Ruiru, ambako majaribio yenu hayafiki kabisa. Aliposikia tu, alipandisha kodi kwa mia tano, kwa tahadhari. Wapangaji wake wanalia, na wanaolaumiwa ni ninyi, si yeye.

6. Mtaharibu dini. Makanisa na misikiti hujaa watu wanaoomba riziki ya kesho. Mkishawapa, wataenda kuomba nini? Hata Mungu, ambaye ni tajiri kuliko Baraza, hutaka aombwe kwanza.

7. Tumelelewa tukiambiwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ninyi mnataka kuinua kitanda.

Sikuja kulalamika tu, nina mapendekezo. Ikiwa pesa lazima zitoke, basi zipitie kwangu. Nitazigawa pale getini kila asubuhi kwa wanaostahili, nikiangalia nidhamu na jinsi mtu anavyosalimia. Au mfanye majaribio kwa matajiri kwanza, maana wao wamezoea kupata pesa bila kutoka jasho na hazitawashtua. Maskini hana uzoefu huo. Anaweza kuzitumia zote kwa chakula.

Kwa hayo naiomba kamati iliondoe tangazo hilo kabla ya Ijumaa, siku ya mwisho ya kuandikishwa, ili watu warudishe vitambulisho mahali pake na amani irejee. Nisalimie waheshimiwa madiwani wote, mama anayewapikia chai, na askari wa mlangoni kwenu, ambaye tunatoka kijiji kimoja.

Ni mimi, mpenda utaratibu,

Justus Mbaluka

N.B. Bwana Karani, hii usiisome mbele ya kamati. Mimi pia naishi Kiandutu, chumba kimoja, na mke na watoto wanne. Mdogo wetu, Mitchell, anakohoa tangu Januari na sijawahi kumpeleka hospitali mimi mwenyewe, kwa sababu geti halina mtu mwingine wa kulisimamia. Kitambulisho changu kiko kwenye droo ya meneja tangu aniajiri mwaka wa 1987. Jumatatu nilikwenda kukiomba ili niandikishwe. Nilisimama mlangoni pake na kofia mkononi mpaka akaniuliza nataka nini, nami nikamwambia nimekuja kumwamkia tu. Tafadhali, mkiwa na afisa yeyote asiyemwogopa, mtumeni akichukue. Kimeandikwa jina langu, lakini asiseme ni mimi niliyemtuma.