Binti wa Mhunzi Bado Yuko Darajani

Jumatatu, 4 Machi

Mvua tangu alfajiri. Kliniki ya meno imejaa mashavu yaliyovimba. Mimi nipo mapokezi, naandikisha watu na kuwaambia wasubiri. Kazi yangu yote ni hiyo.

Jana nilipita kwa Mzee Saa, jirani yetu, fundi saa mstaafu. Ndiye mwandishi wa Muhuri Ndani ya Mpini, riwaya tamu kuliko zote nilizowahi kusoma. Kaichapisha mwenyewe, maana wachapishaji walimwambia hakuna anayetaka vita vya zamani. Maboksi yamejaa hadi chini ya kitanda. Jumamosi binti yake anakuja kumchukua akaishi naye, na maboksi yatakwenda kwa wanunuzi wa karatasi chakavu. Nikauliza kitabu cha pili je? Akasema hakiandiki. Labda mtu asiyemjua, hata mmoja tu, aje kubisha hodi akitaka cha kwanza. Mimi sihesabiwi. Mimi jirani.

Kitabu kinaishia Binti wa Mhunzi yuko katikati ya daraja la kamba, amekumbatia nyundo yenye muhuri wa malkia, askari mbele, askari nyuma, na kamba inakatwa. Mwaka mzima nimekaa naye kwenye daraja lile. Lazima nijue kama alipona.

Hatua ya kwanza: magazeti yote ya chumba cha kusubiria nimeyaficha stoo. Mezani nimetandaza nakala za Mzee Saa. Mwenye jino bovu atakimbilia wapi?

Jumanne, 5 Machi

Hakuna aliyefungua kitabu. Bwana mmoja kajipepea nacho. Mwingine kakiweka chini ya kiwiko, akalala. Daktari kauliza magazeti yako wapi, kwa sauti isiyopendeza. Nikajifanya hamnazo.

Kilichoniuma zaidi ni Nesi. Ana riwaya yake ya mapenzi, jalada limechanika. Mgonjwa akamuuliza inahusu nini. Akacheka tu, akasema hawezi kusema mbele za watu, akaenda zake kuchemsha vifaa. Mgonjwa akaandika jina la kitabu kiganjani! Huko ndiko kupendekeza kitabu? Kumnyima mtu habari? Ni uchoyo mtupu.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimesimama mwenyewe, nikasimulia. Msafara, usaliti, muhuri kufichwa ndani ya mpini wa nyundo, kila kitu. Rula ilikuwa upanga. Bwana mwenye jipu kwenye ufizi alisahau kuguna. Nilipofika kamba inakatwa, watu walishusha pumzi kwa pamoja.

Hakuna aliyeuliza kinapatikana wapi. Bibi mmoja kanishika mkono, kanishukuru, kasema macho yake mabovu, na sasa hana haja ya kukisoma. Aliyekosa mwisho ni mmoja tu, mama mshonaji. Daktari alimwita mara tu Binti alipokanyaga ubao wa kwanza wa daraja. Alitoka na pamba mdomoni, ganzi imemjaa, akanitolea macho kama mwenye swali. Nilikuwa nafunga madirisha. Akaondoka.

Nesi kaniambia eti kaka, unawapikia, unawatafunia, halafu unawamezea, sasa wao wale nini? Kijicho hicho.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemleta Mzee Saa kliniki ajionee. Alivaa koti lake la heshima, akakaa katikati ya wagonjwa. Nikasimulia vizuri kuliko jana. Nikaongeza chui. Watu wakapiga makofi. Nikamtambulisha mwenye kitabu. Wakamwamkia kwa adabu. Mmoja akamwuliza kama kweli ni fundi saa, maana ile ya ukutani imesimama siku nyingi. Mzee akapanda kiti, akaitengeneza.

Nilipomsindikiza getini aliniambia, bila hasira, kwamba kwenye kitabu chake hakuna chui. Akaenda zake polepole kwenye matope. Nimejisikia vibaya jioni yote.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemsaidia Mzee Saa kufunga maboksi kwa kamba. Chumba kinanuka mafuta ya mashine na upweke. Nikambembeleza aniambie tu, Binti yu hai au kafa? Akasema hata yeye hajui. Huwa anajua akiandika. Asipoandika, basi, hakuna atakayejua. Akajishughulisha na kufuta miwani. Nilitaka kulia. Nikakohoa.

Jumamosi, 9 Machi

Asubuhi mama mshonaji katokea kliniki. Shavu limeshuka. Kasema tangu Jumatano anashona na kufumua, mawazo yote yako darajani. Anataka kukinunua. Mwandishi anakaa wapi?

Nusura nimkumbatie. Mtu asiyemjua Mzee Saa, kwa miguu yake mwenyewe! Nikaacha mapokezi bila ruhusa, nikampeleka. Alitembea haraka. Nilikuwa na furaha, na mimi nikifurahi mdomo haukai. Tulipokata kona na nyumba kuonekana, gari la binti wa Mzee Saa limeshawashwa, naye mzee kasimama mlangoni anaangalia barabara, nilikuwa nimeshasimulia hadi kamba inakatwa.

Mama akasimama. Akauliza, kinaishia hapo? Nikasema hapo hapo. Akauliza hakuna zaidi? Nikasema hakuna. Akashusha pumzi, akanishukuru, akasema nimemwokolea muda, ana sare za shule za kumalizia. Akageuka.

Mzee Saa alimwona akija. Alimwona pia akirudi. Akaingia garini. Nilimpungia mkono, hakupunga.

Jumapili, 10 Machi

Mvua. Sina hamu ya kula. Dada kaniuliza nina nini, nikamweleza yote. Akajishika kichwa. Akauliza kama walau naona nilipokosea.

Naona. Nimewaza siku nzima. Kosa ni la Daktari. Asingemwita yule mama katikati ya hadithi, angeisikia yote Jumatano kwa raha zake, wala asingekuja kumpa mzee wa watu matumaini ya bure.

Nakala za kliniki bado zipo, na Mzee Saa anaweza kuandika hata akiwa kwa binti yake, akipata wasomaji. Kesho nitaanza kusimulia kabla Daktari hajavaa glavu. Mpaka mwisho. Asikatizwe hata mtu mmoja.