T kwa T, R kwa R

Jumatatu, 3 Juni
Vipande vyote viko mezani. Jumamosi mdogo wake mke wangu anaolewa, nami nitapiga video kutoka angani kwa droni niliyoiunda mwenyewe. Mama mkwe alitaka mpigapicha wa kweli. Mke wangu akasimama mbele ya ukoo mzima akasema, mwachieni mume wangu. Mara ya kwanza kunitetea kwa miaka sita. Nikiharibu, nimekwisha.

Kimebaki kipokezi, kidude kidogo kama ukucha kinachosikia rimoti na kuupa habari ubongo wa droni. Nyaya nne. Kazi ya dakika kumi.

Jumanne, 4 Juni
Siku nzima! Waya wa moto na wa ardhi, sawa. Mbili zilizobaki zina herufi T na R. Nikatumia akili. T ya kipokezi ni Toa, T ya ubongo ni Tia. Nikalehemu T kwa T, R kwa R, nikaunguza kidole. Taa ikawaka. Nasukuma rimoti, ubongo kimya. Mke wangu akauliza kama inaruka. Nikasema inapasha misuli.

Jumatano, 5 Juni
Kwa fundi redio wa kona, nikijifanya napita tu. Alicheka mpaka akavua miwani. Eti T ni ya kutuma na R ya kupokea, kote kote, kwa hiyo T ya huku iende R ya kule. Nikamuuliza kupokea kumeanza na R tangu lini. Akasema ni herufi za Kiingereza. Akaongeza, bila kuulizwa, niipange droni itue yenyewe ikiikosa rimoti. Wivu huo.

Alhamisi, 6 Juni
Nimepishanisha nyaya kimyakimya. Inaruka. Nadhani juzi ni kile kidole kilichoungua, kililehemu vibaya. Mke wangu kamwambia mama yake kwenye simu kwamba ameolewa na fundi.

Jumamosi, 8 Juni
Maharusi wakatoka, nikarusha. Ikapanda taratibu. Mama mkwe akatabasamu, akinitazama mimi! Nikajisahau, nikabana rimoti kwapani nipige makofi. Kifuniko chake kikafunguka, betri zikamwagika chini. Droni haikutua. Ilishika amri yake ya mwisho, mbele, ikavuka ukuta, ikatokomea. Watu wote wakageuka kunitazama. Mke wangu peke yake hakugeuka.

Jumapili, 9 Juni
Fundi redio kaiokota juu ya bati lake, kaileta mwenyewe. Video ina dakika moja ya harusi na kumi na nne za mabati. Mke wangu hasemi nami. Anasema na mama yake, kwa sauti ya kunifikia chumbani.

Nimeikagua droni upya na kosa nimeliona. Nilimsikiliza fundi. R ni Rudi! Ningeacha R kwa R, ingerudi yenyewe. Chuma cha kulehemu kinapata moto sasa hivi, na mama mkwe nimeshamtumia ujumbe: sherehe yake ya kustaafu mwezi ujao, video aniachie mimi.