Musembi Yuko Redioni, Hayuko Nyumbani

Mbooni, karibu na Kikima

Kwa Mkuu wa Vipindi,

Natumaini hujambo, wewe na watangazaji wako wote, hata yule wa asubuhi. Huku kwetu tu wazima, ila mimi nimechoka.

Naitwa Syombua, mke halali wa Musembi, yule mwimbaji. Nasema halali kwa sababu tulifunga ndoa kanisani, na kabla ya kanisa mbuzi wa ntheo, wale wa kumchumbia binti, walichinjwa kwa baba yangu kama desturi inavyotaka. Naomba kwa heshima muache kabisa kuucheza ule wimbo wake wa kurudi Mbooni. Sababu zangu ni hizi:

1. Mnaucheza kabla ya habari na baada ya habari, na habari zikikosekana mnaucheza badala yake. Ndani yake anasema yuko njiani anarudi nyumbani. Alianza kusema hivyo mahindi yakiwa ya magoti, na sasa tumeshavuna na kupura. Kwani njia hiyo inapitia wapi?

2. Majirani wanaamini alishafika. Nikienda mtoni kuteka maji huwa naacha redio ikiongea, ili wezi wadhani kuna mwanamume nyumbani. Wezi waliamini, na majirani nao wakaamini. Musembi aliondoka akiniahidi tangi la maji kabla ya mvua ya Novemba, na wanaume wa kanisa letu walikuwa wamekubali kuja kunifungia gata za kukingia maji ya paa. Sasa mwenyekiti wao, Mzee Kimeu, amekataa. Aliniambia, "Mama Kavindu, mwenye nyumba yupo, tunamsikia kila siku. Tukipanda juu ya mabati yake atatuonaje?" Kwa hivyo gata ziko chini ya kitanda, tangi silioni, na mimi bado napanda mlima na mtungi mgongoni nikiimbiwa na mume wangu kutoka kila boma.

3. Nikimpigia simu, simu haiiti, inaimba. Wimbo ni ule ule. Anaimba mpaka laini inakatika. Mchana yeye hulala, na usiku akipiga, simu yangu iko kwa jirani yangu Kalekye ikichajiwa. Kalekye naye hapokei, ati anaogopa kuongea na mtu maarufu akiwa amevaa nguo za kulala.

4. Jumapili kina mama wanaomba Mungu amrudishe Musembi, na hapo nje boda boda wanamfungulia sauti mpaka mwisho. Pasta sasa anafupisha maombi.

5. Hili ndilo linaniuma zaidi. Mnawajua waimbaji wetu, gita likichangamka wanaanza kusalimia watu kwa majina. Musembi amemsalimia mwenye bucha wa Sultan Hamud. Amemsalimia fundi aliyemtengenezea spika. Amemsalimia Wanyoike wa loji, na mbwa wa Wanyoike pia, kwa jina. Mimi nimebandika sikio kwa redio mpaka likapata moto. Kila mara mbwa akishatajwa, mtangazaji wenu anaingilia na tangazo la mbegu. Jameni, mtu apikie mwanamume miaka yote hiyo, halafu ashindwe na mbwa?

Kwa hayo yote, naomba wimbo huo uondolewe hewani. Mkikosa cha kucheza, chezeni waimbaji waliokwisha kufa. Hao angalau hawajaahidi mtu tangi.

Wasalimie wafanyakazi wote, wa usiku na wa mchana, na aliyewauzia hizo mbegu.

Ni mimi ninayewasikiliza bila hiari,
Syombua wa Musembi

Tanbihi: Gedion wa boda boda, aliyekuja kuichukua barua hii, ana wimbo wote kwa memori kadi, na huko hakuna mtangazaji. Baada ya mbwa, Musembi anasema: "Na wewe Syombua, mke wangu, tangi lako liko kwa Kilonzo wa hadwea, hapo Kikima. Lichukue kabla mvua haijakupata." Nililia kidogo. Hilo msilisome hewani.

Nimeenda mara moja. Tangi liko mbele ya duka lake la vifaa vya ujenzi, nimekuwa nikilipita kila siku ya soko. Kilonzo anakubali lilishalipiwa, lakini aliagizwa ampe atakayetajwa redioni, na kwa redio wa mwisho kutajwa ni yule mbwa. Mambo ya memori kadi anasema hayatambui.

Kwa hivyo tafadhali uchezeni wimbo huo kesho asubuhi, saa sita na jioni, na kesho kutwa vilevile, kwa sababu Kilonzo wakati mwingine huwa na wateja, asisikie. Mawingu yameshashuka huku kwetu. Uchezeni mpaka mwisho, na yule mtangazaji wenu anyamaze.