Malalamiko Kuhusu Kopo la Sindano, Pamoja na Ushahidi wa Mguu Wangu

Temeke,
9 Juni 1956

Kwa Bwana Afya Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu za heshima, pamoja na hasira kidogo ambayo nimejitahidi kuiandika kwa mwandiko mzuri. Mimi ni Wilbert Theonest, karani wa ghala bandarini, mwenyeji wa Bukoba, na sasa mpangaji wa chumba cha mwisho, kile kinachotazama uani, katika nyumba ya Bi Mahfudha. Nina ugonjwa wa kisukari. Kila asubuhi mke wangu, Auleria, huchemsha bomba na sindano katika sufuria ndogo, hunichoma dawa pajani, nami hunywa chai na kwenda kazini. Sindano ikishakuwa butu, mimi mwenyewe huitupa kupitia dirishani kuelekea jaani, kule nyuma ya choo. Mara nyingi hufika.

Jumatatu iliyopita mtu wako Mwinjuma, yule wa baiskeli, alitukusanya wapangaji wote uani kama watoto wa shule. Akatangaza kwamba sindano zilizotumika zisitupwe ovyo. Zitiwe ndani ya kopo gumu lenye mfuniko, na kopo likijaa lipelekwe zahanati. Nyumba hii ina watu wengi, lakini maneno yote hayo aliyasema akinitazama mimi. Nimekaa siku kadhaa nikitafakari, na sasa naleta malalamiko yangu kwa mpangilio.

1. Kopo. Kwangu kuna kopo moja tu lenye mfuniko wa kubana, la biskuti, nalo lina sukari. Najua zahanati imenikataza sukari. Hiyo ni ya wageni. Mimi huionja tu, asubuhi na jioni, kuhakikisha haijapata unyevu. Sasa watu walioninyima sukari wamekuja kuninyang'anya hata chombo chake. Nauliza kwa unyenyekevu, mgonjwa abakiwe na nini?

2. Wapangaji wenzangu. Tangu Mwinjuma aongee, kila mtu katika nyumba hii amegundua kwamba ana mguu. Bi Mahfudha, mwenye nyumba, anadai alikanyaga sindano yangu akienda kutawadha. Ilikuwa baada ya magharibi, na kwa desturi yake sindano haitajwi jina jua likishazama. Basi alikaa kizingitini akilia, "Kidude cha Wilbert, jamani, kidude cha Wilbert," mpaka watu wa nyumba ya pili wakaja kutaka kujua ni kidude gani. Mimi ni mtu wa kanisani. Nimefedheheka sana, na hakuna aliyeniomba radhi.

Halafu yupo Demetria, muuza maandazi, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Yeye anasema mguu umemvimba hata ameshindwa kwenda kuuza Mbagala wiki nzima. Nilikwenda kuutazama huo mguu. Ni kweli umevimba, lakini Demetria ni mtu wa kutia chumvi katika mambo yake yote, hata maandazi. Na juzi amezua jingine, kwamba anakuta matone ya damu ukumbini kila asubuhi. Nimemwambia amfunge jogoo wake, ambaye ni mgomvi na anajulikana mtaa mzima.

3. Nyayo zangu. Baada ya mkutano Mwinjuma alinivuta pembeni, akaniambia, "Mzee wangu, wewe kila jioni zigeuze nyayo zako uzitazame vizuri." Mimi, Bwana Afya, nizikague nyayo zangu mwenyewe kama mtu anayenunua mbuzi mnadani! Alianza kunieleza sababu, nikamwambia nina kazi. Akaenda kumpigia domo mke wangu jikoni. Kijana huyu afundishwe adabu, au baiskeli apewe mwingine.

4. Lalamiko la nne nimelifuta. Lilimhusu mke wangu, naye ndiye anayenichoma sindano.

5. Hili ndilo kubwa, nami naomba ulisome ukiwa umetulia. Sindano ikishatupwa hulala. Haiinuki ikamfuata Demetria jikoni, wala haikumvizia Bi Mahfudha njiani. Ni miguu yao iliyokwenda kwake. Kwa hiyo katika shauri hili mwenye kosa ni yule anayetembea. Badala ya kunitafutia mimi kopo, ofisi yako ingewafundisha wakazi wa Temeke jinsi ya kukanyaga.

Usidhani nasema ya kubuni. Tangu Jumanne, kila alfajiri kabla ya kuvaa viatu, nimekuwa nikitembea pekupeku uwanja mzima, kutoka mlangoni hadi chooni, nikauzunguka hata ukingo wa jaa, makusudi, mbele ya wapangaji wote. Sijachomwa hata mara moja. Sijasikia hata mwasho. Auleria alinisihi niache, nikamwambia hivi ndivyo ukweli unavyotafutwa. Ushahidi upo, Bwana Afya, nao ni mguu wangu. Hao wengine wana nyayo zilizodekezwa.

Kutokana na ushahidi huo natoa ombi langu. Amri ya kopo ifutwe, na mimi niteuliwe kuwa Mkaguzi wa Viwanja hapa Temeke. Nitapita nyumba kwa nyumba bila viatu, na pale nisipohisi kitu, nitaandika kwamba uwanja ni salama. Sioni kwa nini kazi hii isinipeleke hadi Kinondoni, na siku moja hata kwa Wazungu kule Oyster Bay, ambao nyayo zao hazijawahi kukaguliwa na mtu. Mwinjuma anaweza kunibebea viatu.

Nisalimie makarani wote wa ofisini kwako, watu wa zahanati, mama wa nyumbani kwako, na Mwinjuma pia, maana sina kinyongo na mtu mdogo.

Ndimi mtiifu wako,
Wilbert Theonest

Nyongeza. Nilikuwa nimekwisha kutia sahihi Auleria alipokuja kufagia chini ya meza. Akaniambia niinue mguu, nikauinua. Akauweka ufagio chini. Mke wangu si mtu wa kuacha kazi njiani, kwa hiyo nikainama nami nitazame. Katika unyayo wa kulia, karibu na kisigino, palikuwa na sindano imezama yote imebaki kichwa, ina kutu, na nyama iliyoizunguka imekuwa nyeusi. Ni yangu, naijua. Akaivuta kwa vidole. Sikuisikia ilipoingia siku hiyo nisiyoijua, na leo sikuisikia ilipotoka.

Matone ya Demetria tumeyafuata. Yanatoka jaani, yanapita ukumbini, yanaishia kwenye kiti changu. Jogoo hana kosa. Auleria amenieleza sasa ile sababu ambayo Mwinjuma aliianza nikamkatiza, kwamba ugonjwa wangu huua hisia za miguu taratibu, na mtu asijue.

Ombi la ukaguzi nalifuta, na malalamiko yote pamoja nalo. Sukari amepelekewa Demetria, na kopo lipo mezani lina sindano moja. Uani bado zimo nyingine, wala sijui ni ngapi wala ziko wapi. Mwambie Mwinjuma aje, na dresa, yule mfunga vidonda wa zahanati, aje naye. Naogopa, Bwana Afya. Auleria ameniuliza kama mguu unauma. Hauumi hata kidogo, na ndiyo maana naomba waje leo.