Mjohoro wa Serikali Mlangoni Kwangu

Newala, mwezi wa Shaabani, 1909

Kwa Bwana Akida Husseni,

Shikamoo, Bwana Akida. Nakuandikia nikiwa mzima, mke wangu Sikudhani mzima, mtoto wetu Mwanaisha mzima, na mjohoro wa serikali mzima kuliko sisi sote. Hali ya huyo wa mwisho ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mimi ni Mrisho, fundi wa makubadhi, mwenye nyumba ya pili kutoka sokoni ukielekea boma. Utanikumbuka, kwa kuwa makubadhi uliyovaa ni kazi ya mkono wangu.

Mwaka juzi, mvua zilipoanza, ulitukusanya barabarani ukatutangazia amri ya Bwana Mkubwa wa boma: kila mwenye nyumba apande mjohoro mbele ya mlango wake, ili mji upate kivuli na upendeze, na yule ambaye mti wake utakufa, atalazwa chini achapwe kiboko. Sikupinga. Nilichimba shimo siku ile ile, nikapanda mche, nikaushindilia udongo kwa miguu yangu mwenyewe. Mvua ilipokuwa ikinyesha, mimi na mti ule tulikuwa ndugu. Ilipokatika ndipo tulipoanza kutofautiana. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu maji. Wewe ni mtu wa Lindi, huenda bado hujaizoea nchi yetu hii ya juu. Maji hapa hayapo. Yako chini kabisa, bondeni kuelekea Ruvuma, na mke wangu huyafuata alfajiri, akarudi jua limeshawaka, mtungi kichwani na mtoto mgongoni. Zamani mtungi ule ulikuwa wetu. Sasa anayekunywa kwanza ni mti. Yanayobaki tunapikia, na yanayobaki baada ya kupika tunanawa uso. Mimi nasali kwa kutayamamu, najipaka vumbi mikononi, huku nauona mjohoro mbele yangu umelowa hadi magotini. Nimemuuliza mwalimu wetu wa chuo cha Kurani kama ni halali mti kuoga kabla ya Mwislamu. Alisema atatazama kitabuni. Bado anatazama.

2. Kuhusu heshima. Kila asubuhi Ombasha Alfani, askari uliyemweka akague miti, huja mlangoni kwangu. Mimi nimekaa hapo hapo nashona ngozi. Hanisalimu. Anauinamia mti, anageuza majani, anauliza, "Umelalaje?" Nami nimezoea kuujibia: "Salama, Ombasha." Mwezi uliopita Mwanaisha alishikwa na homa kali, hakuna mtu wa serikali aliyepiga hodi. Wiki ile ile jani moja la mjohoro liligeuka manjano. Nikaletewa askari, karani, na wewe mwenyewe juu ya punda.

3. Kuhusu mama mkwe wangu. Hili naomba ulisome ukiwa umekaa.

Bibi Sijaona alikuja kutoka Lupaso kumsaidia binti yake. Ni mama ambaye huzungumza na kila kitu. Chungu kikichelewa kuchemka hukikaripia; jiwe likimkwaza huliuliza limezaliwa wapi. Siku moja alipomwona Sikudhani amepanda kutoka bondeni anahema, alimpokea mtungi, akachukua kata, akaanza kuunyunyizia mti maji huku akiusihi: "Kunywa, bwana. Kunywa ukue upesi, uteremshe mizizi bondeni ukajichotee mwenyewe, mwanangu apumzike."

Ombasha Alfani alikuwa anapita. Alisimama kama mtu aliyeona chui.

"We bibi! Unanyunyiza maji na kusema maneno?"

"Kwani nisinyunyize?"

"Maji na maneno! Ndivyo vita ilivyoanza! Twende boma!"

Bwana Akida, mimi na wewe tunajua vita ile ilivyokuwa. Watu walipewa maji wakaambiwa risasi hazitawadhuru, na wengi walioamini hawakurudi kutusimulia. Kisha ikaja njaa. Bibi Sijaona alimzika mumewe katika njaa hiyo, siku ambazo walikuwa wakila mizizi ya porini. Maji ya namna ile hataki hata kuyasikia. Lakini aliwekwa korokoroni kwa kuumwagilia mti ambao, usipomwagiliwa, ningechapwa mimi.

Nilikimbilia boma sindano ikiwa bado mkononi. Karani akaniuliza kama nimekuja kumtetea mganga. Nikamwambia nimekuja kumtetea mama mkwe. Akanishauri nirudi nyumbani kabla sijaunganishwa naye. Nilirudi, na sioni haya kusema kwamba nilirudi mbio, maana wapo niliowajua ambao walinyongwa kwa maneno madogo kuliko yale.

Yaliyofuata unayajua, ila nayaandika ili yasisahaulike. Sikudhani alikaa chini katikati ya barabara, mtoto mapajani, akasema kwa sauti iliyofika sokoni, "Mimi simwagilii tena. Nisije nikafungwa kama mama." Wanawake wa mtaa mzima wakaona ana haki. Kila mmoja akaingiza mtungi wake ndani. Hakuna aliyeikataa amri ya serikali, Mungu apishe mbali! Waliogopa tu, na waliogopa wote kwa pamoja, kwa utaratibu mzuri sana. Jua likawaka. Kesho yake mijohoro ikalegea majani kutoka boma mpaka sokoni, na wakati huo Bwana Mkubwa wa Lindi yuko njiani kuja kuitazama.

Nilikuona siku ile, Bwana Akida. Ulipita mlango kwa mlango ukisema, "Jamani, maji kidogo tu." Ulipofika kwa mke wangu ukavua kofia.

"Mama Mwanaisha, mti wako unakufa."

"Shikamoo, Bwana Akida. Naogopa."

"Usiogope, mama. Mwagilia tu."

"Mama yangu naye hakuogopa."

Uliutazama mti, kofia mkononi, kisha ukamtazama yeye, kisha ukageuka kwenda boma. Kabla ya adhuhuri Bibi Sijaona alikuwa ametoka, anapita barabarani kwa mwendo wa bibi harusi, na wanawake wanapiga vigelegele huku wanatoa mitungi. Sharti la kumfungua lilikuwa moja: amwagilie akiwa amefunga mdomo. Amelishika vizuri. Anamwagilia kimya kabisa, na maneno yote aliyokuwa akiuambia mti sasa ananiambia mimi.

4. Kuhusu ombi langu. Kwa sababu hizo naomba mjohoro huu uhamishwe ukapandwe ndani ya boma, walipo watumishi wenzake wa serikali. Kama haiwezekani, basi naomba niandikwe mimi kuwa mti. Nimelifikiria sana jambo hili. Nitasimama nitakapopandwa, sitatembea ovyo. Nitapewa maji ya kwanza ya asubuhi, Ombasha ataniuliza nimelalaje, na nikigeuka manjano utapanda punda uje unitazame. Kivuli nitatoa kadiri ya mwili wangu. Nasikia Bwana Mkubwa wa Lindi ni mwembamba, huenda kikamtosha. Na mjohoro uandikwe kuwa Mrisho, ushone makubadhi, umsikilize na mama mkwe.

Nangoja jibu lako kabla Ramadhani haijaandama, maana mwezi huo mtaa mzima utafunga mchana, isipokuwa mti.

Wasalimie sana wa nyumbani kwako wakubwa kwa wadogo, karani wako, watu wote wa boma, na Ombasha Alfani pia, ingawa yeye salamu hazimwingii.

Ni mimi mtu wako mtiifu,
Mrisho bin Halfani, fundi wa makubadhi

Nyongeza: Wino haujakauka, Ombasha amefika na wafungwa wenye majembe. Kumbe manung'uniko yangu ya sokoni yamekufikia kabla ya karatasi, nawe umeshakubali mti ung'olewe. Nashukuru. Jembe la kwanza lilipoingia ardhini niligeuka nimwite Sikudhani aje aone tulivyoshinda. Nikamkuta ametandika mkeka chini ya matawi ya mti huo huo, upande wa pili wa shina, amelala usingizi mzito, mtoto kifuani. Bwana Akida, tangu nimwoe sijapata kumwona mwanamke yule amelala mchana. Sijui nini kilinipata. Nimelikumbatia shina, nikamwambia Ombasha, "Ukiugusa mti wangu nakushtaki kwa Akida!" Amekwenda zake, lakini amesema atarudi na amri iliyoandikwa. Kwa hiyo nakuomba uisome barua hii kana kwamba inahusu mjohoro wa jirani yangu Stamili, na huo ndio ung'olewe. Au la, na wa Stamili uacheni: jioni kivuli chake huangukia barazani kwangu.