Lavande ya Panda

Kazi Moja, 5 Mei 2025

Kazi Moja. Ndivyo tunavyoita Jumatatu hapa Likasi. Jina la kunikejeli mimi, ambaye sina hata hiyo moja.

Lakini hayo yanakwisha. Jana baada ya misa Sista Mélanie alisimama mbele akatangaza kwamba kuna mama mmoja Mfaransa, Madame Odile, mwenye bustani kubwa huko mashambani kwao. Anataka kijana mmoja wa parokia yetu aende kufanya stage, yaani kujifunza kazi ya bustani, miezi mitatu. Tiketi juu yake. Chakula juu yake. Sharti ni moja: kila anayetaka kwenda aonyeshe bustani yake mwenyewe, aliyoilima kwa mikono yake. Picha zitumwe kwenye kundi la WhatsApp, na Madame mwenyewe yumo.

Sina bustani. Kipaji ninacho.

Anayenikera ni Placide, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Huyo ana kabichi. Wakati wa tangazo hakuinua hata kichwa, alikuwa anatoa udongo kwenye kucha. Mtu anaringa na uchafu wake mpaka kanisani! Bahati nzuri simu yake ni ile ya tochi. Haipigi picha wala haijui WhatsApp.

Mama hakungoja. Kabla hatujafika nyumbani mtaani Kikula, kwaya yote ilikuwa imeshaambiwa kwamba Adolphe wake anaenda Ulaya. Jioni akaja mjomba Hénoc. Akasema vizuri, niende. Nisipoenda, mwezi wa nane ananichukua Kakontwe, kwenye machimbo ya mawe anakofanya kazi yeye. "Majiwe iko mingi kule, inangojea tu mikono." Akaitazama mikono yangu. Nikaitia mfukoni.

Sasa nimejinyoosha kwenye kiti natazama kalenda ya duka la dawa. Ni ya mwaka uliokwisha zamani, imebaki kwenye mwezi wa saba, na Mama hataki igeuzwe kwa sababu picha ni nzuri. Shamba la maua ya zambarau, mistari kwa mistari, mpaka kwenye nyumba ya mawe yenye dirisha moja wazi. Chini wameandika: lavande. Tangu utoto najiuliza nani yuko nyuma ya dirisha lile. Leo nimemjua. Ni mimi. Nimeamka sasa hivi. Kuna mkate mezani. Kengele ya ng'ombe inalia mbali, na ukungu unaondoka polepole, kwa sababu huko hakuna anayeuharakisha.

Mama ameniamsha nikale bukari, ugali wetu.

Kazi Tatu, 7 Mei

Nimepata shamba! Uwanja wetu hautoshi hata bata wa Mama kugeuka, basi nikaenda mtaa wa Panda, nyuma ya karakana za zamani za kampuni ya shaba. Ardhi tupu, pana, haina mwenyewe. Nilishangaa watu wa mji huu walivyo wavivu. Ardhi yote ile, na hakuna aliyepanda hata kitunguu.

Nimelima kipande, nikapanda mbegu za kabichi na nyanya. Udongo una rangi ya kijani kijani. Dalili ya rutuba, nadhani.

Mama aliposikia aliacha kupepeta unga. Akasema kule mukuba umejaa ndani ya udongo, shaba tupu, na hata nyasi inaogopa kuota. "Weye njo utaotesha choux?" Choux kwake ni kabichi. Nikamwambia nyasi haina nia. Mimi nina nia.

Siku ya Posho, 10 Mei

Zamani za kampuni, Jumamosi ndiyo siku wafanyakazi walipewa unga. Leo mimi sikupewa kitu. Panda hakujaota hata kimoja. Nilikaa nikiutazama udongo, nao ukanitazama.

Nikabuni mpango mwingine. Placide humwagilia asubuhi, halafu anaondoka. Nikapanda juu ya ukuta, nikapiga picha kabichi zake haraka haraka, nikaituma kwenye kundi: bustani yangu, Adolphe, Likasi.

Madame Odile akajibu papo hapo. Akasema ni nzuri sana. Halafu akauliza yule mtu mwenye bidii aliyeinama kule nyuma ni nani.

Mtu gani? Nikaikuza picha. Kumbe Placide hakuwa ameondoka. Yuko pale, na kopo lake la maji, mgongo wote mbele ya kamera.

Ningefanya nini? Nikaandika kwamba ni mfanyakazi wangu. Madame akasema nina bahati, mtu kama huyo haonekani siku hizi. Sista Mélanie, ambaye pia yumo kwenye kundi na anazijua kabichi za Kikula nzima, alinipigia simu. Akaniuliza taratibu zile choux ni za nani. Nikasema kwa Mungu hakuna cha mtu. Akasema hilo halikuwa jibu, na kwamba njia ya mwongo ni fupi. Anasubiri niseme ukweli mwenyewe.

Fupi? Yangu inafika hadi Ufaransa.

Kazi Mbili, 13 Mei

Sista amemwambia Placide. Nilijua atakuja na jembe. Alikuja na kofia mkononi, akasimama mlangoni kwa heshima zote. "Bonjour, patron. Leo minye nitafanya kazi gani?"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Nikaenda Panda kuchukua jembe langu, nimeshakata tamaa. Niliona Kakontwe mbele yangu, nyundo na vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Sikutaka kurudi nyumbani. Nikapanda kilima cha udongo wa machimbo ya zamani, nikashuka upande wa pili, ambako sijawahi kufika. Nikalala kwa huzuni. Huzuni hunipa usingizi.

Nilipofumbua macho, nilidhani nimekufa, na mahali penyewe ni pazuri. Zambarau. Pande zote zambarau. Maua madogo madogo, yamesimama wima, maelfu, kwenye udongo ambao hauna hata jani jingine. Jua lilikuwa limeinama, upepo wa kiangazi unapita juu yake taratibu, na maua yote yanaitikia. Nilikaa pale. Nilisahau jembe, nilisahau Placide. Niliitafuta nyumba ya mawe. Kwa mbali kulikuwa na ukuta wa karakana iliyobomoka, na kwenye ukuta dirisha moja, wazi.

Sijui nilikaa muda gani. Nilikuwa na furaha, nasema kweli. Kama ningekuwa mtu wa kawaida ningeridhika na hiyo.

Nikapiga picha. Mimi katikati, jembe begani. Nikaandika: hii ndiyo bustani yangu kubwa. Lavande. Nimeipanda mwenyewe.

Kazi Ine, 15 Mei

Madame Odile ametuma sauti. Anasema aliiona picha wakati anakunywa kahawa na kahawa ikapoa. Lavande katikati ya Afrika! Ananiuliza naimwagilia vipi. Nikamwambia siimwagilii. Mbolea? Hapana. Sasa siri ni nini? Nikafikiri kidogo, nikamwambia kila asubuhi naisalimia.

Akatuma sauti nyingine. Halafu akasema hivyo ndivyo babu yake alivyokuwa akifanya.

Mimi na Madame tumeelewana. Najiona nikitembea naye kati ya mistari, yeye na kofia pana, mimi mikono nyuma, tunasalimia. Hakuna anayelima. Kazi inajifanya yenyewe huko.

Siku ya Mungu, 18 Mei

Mama amenunua koti kwenye mitumba. Jekundu, zito, vifungo vikubwa. Nimelivaa misani. Nimetoka jasho tangu wimbo wa kwanza mpaka baraka. Wazee wamenipa mikono. Mama Deborah wa kwaya ameniagiza sabuni ya huko. Mjomba Hénoc mwenyewe amesema labda alinikosea.

Placide alinisaidia kulivua, maana kifungo kilikwama. Akasema, "Patron, Ulaya iko na baridi, lakini hapa bado."

Ana ulimi yule, kumbe.

Kazi Tano, 23 Mei

Sina nguvu ya kuandika. Naandika.

Madame Odile aliipeleka picha yangu kwa rafiki yake anayejua mimea. Yule rafiki akamwambia kwamba hiyo si lavande hata kidogo. Ni ua la shaba. Linaota huku kwetu Katanga, mahali udongo umejaa shaba, ambapo mimea mingine inashindwa. Halipandwi na mtu.

Nilisikiliza ile sauti nikiwa nimesimama, kisha nikiwa nimekaa, kisha nikiwa chini ya blanketi. Nilingoja matusi. Hayakuja. Madame alikuwa anacheka, halafu sauti ikawa kama ya mtu anayelia. Akasema amelima maua maisha yake yote, na hajawahi kusikia ua linalochagua ardhi iliyokataliwa na wengine wote. Anataka kuliona kwa macho yake kabla hajazeeka kabisa. Ananisamehe jina, yeye anaamini nilikosea tu. Na kwa kuwa nimeishi nalo na kulisalimia kila asubuhi, anaomba nimpokee mimi.

Yaani yeye ndiye anakuja. Miezi mitatu. Kufanya stage. Kwangu.

Sasa bustani yake ataiachia nani? Hilo ameshalifikiri. Yule mfanyakazi wangu mwenye bidii, aliyeinama kwenye picha. Kama nitakubali kumwazima.

Sista Mélanie alikwenda nyumba ya pili kumpa Placide habari. Nilitega sikio ukutani. Halafu nikasikia maji. Alikuwa anamalizia kumwagilia.

Kazi Tano, 18 Julai

Placide ameondoka leo. Karatasi zake zote zilipita bila tatizo, kwa sababu aliyoandika yalikuwa ya kweli. Njia rahisi, lakini haina ufundi.

Asubuhi Mama alitoka chumbani na koti jekundu. Nilidhani ananiletea mimi, maana kumekuwa baridi. Akapita mbele yangu, akamvalisha Placide, akamfunga vifungo vyote mpaka shingoni. Akamwambia ajifunike vizuri, ni mutoto wa hapa, Kikula nzima inaenda naye. Lilimkaa vizuri kuliko mimi.

Placide alinishika mkono kwa mikono miwili. Hakuniita patron, aliniita yaya, yaani kaka. Alisema, "Yaya Adolphe, choux zangu unitunzie. Maji asubuhi, maji jioni. Minye sina mwingine." Nikamwahidi.

Gari la Lubumbashi lilipopinda kona niliingia ndani nikalia. Naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma. Si kwamba namchukia. Ni kwamba tangu utoto dirisha lile lilikuwa langu.

Posho, 26 Julai

Placide amepewa simu nzuri huko. Sista amemwingiza kwenye kundi. Kila siku picha. Nyumba ya mawe ipo. Maua yapo, mistari kwa mistari. Ng'ombe wapo. Yeye yuko katikati na koti letu jekundu, ingawa anasema huko sasa ni joto. Anasema anavaa ili Mama alione.

Mama ameigeuza kalenda. Mwezi wa nane ni picha ya maboga.

Kazi Mbili, 29 Julai

Madame Odile amefika. Mdogo wa mwili, mkavu, ana jembe lake mwenyewe kwenye mfuko. Mjomba Hénoc alikuwa ameshakuja kunichukua. Alipomwona mzungu uani kwetu akasema Kakontwe itangoja mpaka mgeni aondoke. Mawe hayaozi, alisema.

Leo nimempeleka Panda. Njia nzima roho ilikuwa mkononi, maana maua yale yamekauka tangu mwezi uliopita. Tulishuka upande wa pili wa kilima. Vijiti vya kahawia, udongo, dirisha lile kwenye ukuta. Nikaanza kueleza kwamba yamelala. Yeye akapiga magoti, akashika kijiti kimoja kikavu kwa vidole viwili, akafumba macho. Akakaa hivyo muda mrefu. Upepo ulikuwa unapita. Nami nikakaa. Kwa muda kidogo hatukuwa Likasi wala Ufaransa, na hakuna aliyetakiwa kuthibitisha kitu.

Moyo wangu ulilainika kabisa. Nikasema moyoni, Adolphe, mwambie huyu mama kila kitu. Sasa hivi. Nikafungua mdomo.

Hapo akafumbua macho akauliza zile kabichi za kwenye picha ziko wapi, anatamani kuziona.

Tumerudi Kikula. Kabichi za Placide zimenenepa ajabu. Mama ndiye huzimwagilia, mimi bado najipanga. Madame akasimama mbele ya kabichi, mkono kifuani. Akauliza kama kweli nimezilima kwa mikono yangu hii.

Jua lilikuwa zuri. Matone ya maji juu ya majani. Nikasikia kengele ya ng'ombe, naapa. Nikasema ndiyo, Madame, zote, tangu mbegu.

Amenipiga picha katikati ya kabichi, kopo la Placide mkononi. Ameniomba ruhusa aitume kwenye kundi wote waione. Nikamwambia aitume tu. Nani atajua?