Yangeyange wa Kitaya

Wananchi wote wa ukingo wa Ruvuma wanatangaziwa kwamba ushiriki wao katika kutunza mazingira sasa utapimwa na mashine inayojifunza yenyewe. Kwamba mashine hiyo haikosei. Na kwamba asiyeshiriki ataondolewa ukingoni.

Tangazo hilo liliandikwa na Ndugu Gideoni, Mratibu wa Upimaji wa Ushiriki, akalisoma tena na tena peke yake ofisini kwake Chuno, maana lilimpendeza. Mashine aliifundisha mwenyewe. Ili ijue ndege, aliipa kalenda ya ndege, yenye yangeyange weupe wamesimama matopeni. Ili ijue wananchi, aliipa picha za wananchi waliooga wakipiga makofi. Ili ijue viti, aliipigia picha ofisi yake, ambako kila kiti huwa kimevishwa koti. Ndio utaratibu wa kazi: koti likiwapo, mwenyewe yupo, hata kama yuko sokoni.

Kamera ikafungwa juu ya mlingoti kijijini Kitaya, na tangazo likabandikwa chini yake. Matokeo yakaja: "Watu wanaoshiriki: hakuna. Yangeyange wanaopanda matete: wengi."

Gideoni hakuona tatizo. Sayansi haina upendeleo. Akaenda Kitaya kuwaarifu wananchi kwamba mashamba yao ya mpunga yanafungwa.

Alimkuta Nilza, mzaliwa wa ng'ambo aliyeolewa upande huu wa mto, amezama kwenye tope hadi magotini. Yeye na wenzake walikuwa wakipanda matete ili mafuriko yasiule ukingo. Nyuso zao zilikuwa nyeupe kwa msiro, ule mti unaosagwa kwa maji juu ya jiwe. Wanawake wa Kimakua hawalikabili jua bila kuupaka.

"Baba, hao yangeyange ni sisi," Nilza alisema.

"Una ushahidi, mama?"

"Wewe umewahi kuona ndege anapanda matete?"

"Mimi sijaona. Mashine imeona."

"Nilza, hebu ruka basi!" mwenzake mmoja alipiga kelele, wote wakacheka.

Nilza hakucheka. "Niruke niende wapi? Mpunga wangu uko hapa. Wanangu wanakula hapa."

Gideoni alimhurumia kwa dhati. Lakini rufaa hupokelewa kutoka kwa watu, na mashine ilikuwa haijaona mtu.

Siku ya kufunga mashamba alifika mkaguzi kutoka makao makuu, Bi Somoe. Turubai likafungwa. Danieli, mtunza stoo, akashusha viti kwenye lori. Maofisa, Gideoni akiwa mmoja wao, wakaketi wamevaa makoti yao katika joto lile, kimya, bila kutikisika, kama walivyozoea mikutanoni. Gideoni akawasha mashine, ikatangaza kwa kipaza sauti:

"Yangeyange wanaoshiriki: wengi. Watu: wawili, wamesimama. Viti: kumi na viwili."

Waliosimama walikuwa Bi Somoe na Danieli. Bi Somoe akatazama chini ya turubai.

"Imekosea?"

"Haikosei, mheshimiwa."

"Kwa hiyo yangeyange wanashiriki."

"Wanashiriki."

"Basi wabaki. Na wewe ni kiti."

Gideoni alilitazama koti lake.

"Sema imekosea, baba!" Nilza aliita kutoka matopeni. "Sisi tukiwa watu, na wewe utakuwa mtu!"

Gideoni akafungua mdomo. Akaliona tangazo lake pale mlingotini, na saini yake, na mhuri wake ulivyokaa vizuri.

"Haikosei," alisema kwa sauti ndogo.

Bi Somoe akaamua papo hapo. Yangeyange wa Kitaya waendelee kulima mpunga, na mtu yeyote asiwabughudhi. Viti, kwa kuwa havikuonekana kushiriki, viondolewe ukingoni, virudi stoo na kuandikwa namba ya mali ya ofisi.

Danieli akaja na brashi na kopo la rangi nyeupe.

"Geuka kidogo, mheshimiwa. Namba huandikwa mgongoni."

Gideoni akageuka.

Nilza alisimama akamtazama, akainama tena kwenye matete yake.

"Danieli," alisema, "rangi hiyo ungempaka usoni, tungebaki naye."